Mashine Inajibu, Lakini Nani Anasikiliza?

Somo: Marko 5:21-34

Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa nyumbani Same, nimekuja likizo fupi. Upepo wa Same mnaujua wenyewe, dirisha halifungi vizuri na vumbi limeingia mpaka kwenye kompyuta. Nyuma ya nyumba naiona milima yetu ya Upare imesimama palepale ilipokuwa nilipoondoka kwenda chuo.

Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza maswali mawili. La kwanza: "Kaka, wewe unatengeneza hizi akili mnemba zinazozungumza, hivi si dhambi?" La pili, mara nyingi linatoka kwa mtu huyohuyo: "Kaka, na mimi nifanyeje nifike huko?" Leo nitajaribu kuyajibu yote mawili. Ila nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana sitaki mdhani nawahubiria nikiwa nimekaa juu.

Kazi yangu ni hii. Mchana naandika programu zinazojibu watu kwa maandishi: mteja anauliza, programu inajibu. Jioni, kwa mapenzi tu, natengeneza programu za ubunifu. Ninayoipenda zaidi ni ile inayowasaidia walimu wa kwaya kuandika nota. Wale mnaopakua nyimbo Swahili Music Notes mnajua kazi ya kukaa na karatasi ya do-re-mi usiku kucha. Nilitaka mwalimu aimbe sauti moja kwenye simu, programu imwandikie. Bado inakosea sana sauti ya tatu, lakini inatembea.

Kazi hii naipenda, na naamini ni kipaji kutoka kwa Mungu. Soma Kutoka 31:1-5. Mungu alipotaka hema lake lijengwe alimwita fundi, Bezaleli, kwa jina lake, akamjaza Roho ili abuni, achonge na afue. Sisi tumezoea kudhani Roho Mtakatifu huwajaza manabii na mapadre tu. Pale anamjaza fundi kwa ajili ya kazi ya mikono. Kwa hiyo aliyeuliza kama ni dhambi, jibu langu ni hapana. Kufua chuma si dhambi, na kuandika programu si dhambi. Lakini chuma hutoa jembe na hutoa mkuki, na fundi anajua anachofua.

Bibi na simu

Likizo iliyopita nilipanda Vudee kumsalimia bibi. Nikataka kujionyesha kidogo. Nikamwambia, "Bibi, hii simu ukiiuliza inajibu." Akaichukua, akaisalimia kwa Chasu, taratibu, kwa heshima, kama anavyomsalimia mgeni. Simu ikajibu maneno ya ajabu, mengine yanafanana na Chasu, mengine sijui imeyatoa wapi, lakini kwa kujiamini kabisa! Bibi akacheka mpaka akashika kifua. Halafu akauliza, "Huyu watu wake ni wa wapi?"

Jamani, lile swali ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa kazini. Mashine hizi hazina watu wake. Zinafanyaje kazi? Zimelishwa maandishi mengi mno yaliyoandikwa na binadamu: vitabu, magazeti, mazungumzo ya mtandaoni. Humo zimejifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiandika swali, inakisia neno linalofaa kufuata, kisha jingine, kisha jingine, mpaka sentensi imekamilika. Chasu kimeandikwa kidogo sana mtandaoni, ndiyo maana kwa bibi ilibahatisha. Kiswahili kimeandikwa zaidi, ndiyo maana kwako inaongea vizuri.

Kwa wale wa kwetu, nitawaambia hivi: ni kama ndiva. Wasioijua, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wa Upare walichimba kwenye miteremko tangu enzi za mababu. Usiku maji ya kijito yanakusanyika humo, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwenye mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ukiwa chini huku shambani unaona tu maji yanafika. Lakini hakuna Mpare anayesema ndiva ndiyo iliyonyesha mvua. Maji yametoka kwenye chemchemi na misitu ya juu, na mfereji umesafishwa na watu walioitikia msaragambo.

Akili mnemba nayo imekusanya maji ya watu. Busara unayoisoma humo ni ya mama fulani, mwalimu fulani, padre fulani, aliyeiandika mahali. Januari 2025 Vatikani ilitoa waraka uitwao Antiqua et Nova, na mafundisho yake yanakwenda njia hiyo: akili mnemba ni tunda la akili ya binadamu, tusiihesabu kama binadamu mwenzetu.

Kosa langu

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike.

Nilitengeneza programu ndogo ya WhatsApp kwa ajili ya vijana wa parokia moja. Parokia siitaji. Kijana anauliza saa za Misa, mafundisho ya kipaimara, namna ya kusali rozari, maswali ya imani, programu inamjibu hapohapo. Ujumbe wa kwanza ulieleza wazi kwamba hii ni mashine, na kwamba mimi nitakuwa nasoma mazungumzo ili niirekebishe. Vijana waliipenda. Nikapongezwa. Nikapiga picha na kamati. Nikajiona Bezaleli.

Jumatatu moja nikafungua kumbukumbu za mazungumzo kama kawaida. Nikakuta ujumbe wa binti, aliouandika Alhamisi saa nane usiku. Ulikuwa mfupi. Alisema amechoka, haoni sababu ya kuendelea, na anaomba Mungu amsamehe.

Programu yangu ilimjibu ndani ya sekunde mbili. Jibu lilikuwa zuri! Kiswahili safi, zaburi moja ya kutia moyo, alama ya mikono iliyokunjwa kusali. Mwishoni ikauliza kama kuna jambo jingine ingeweza kumsaidia.

Hakujibu tena.

Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nne. Siku nne nilikuwa nakula, nacheka, naangalia mpira. Nilipiga ile namba mkono unatetemeka. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea.

Namshukuru Mungu mpaka leo. Yuko hai, na amenikubalia niandike haya bila jina lake wala mahali anapoishi. Siku ile sikujua niseme nini, mimi mtaalamu wa mazungumzo. Nikasema tu, "Samahani dada, nimechelewa kusoma." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua ni mashine kaka. Ila wengine wote walikuwa wamelala."

Sista mmoja muuguzi alikwenda kwake siku ileile, na mama mmoja wa jumuiya yao amekuwa naye karibu tangu hapo. Baadaye alipelekwa hospitali, akapata matibabu na mtu wa kuzungumza naye. Safari bado inaendelea.

Mimi nililala vibaya wiki nyingi. Jibu la mashine halikuwa na kosa lolote la kiimani. Hata katekista angelipitisha. Basi kosa lilikuwa wapi?

Mwanamke aliyekwisha kupona

Nililipata jibu kanisani, likisomwa somo la Marko 5. Mnalijua. Yairo amekuja mbio, binti yake yu mahututi, Yesu anakwenda naye, umati unasonga. Ndani ya umati kuna mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Amemaliza mali yake yote kwa waganga. Anapenya, anagusa vazi la Yesu, na papo hapo anapona.

Angalia sasa. Hapo shida yake imekwisha. Amepata alichokuja kukitafuta. Kama ingekuwa ni huduma ya programu yangu, tungeandika "limetatuliwa" na kupita kwa mwingine. Na haraka ilikuwepo kweli, binti wa Yairo alikuwa anakufa!

Lakini Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi wanamshangaa, watu wote hawa wanakusonga halafu unauliza nani amekugusa? Yeye anaendelea kutazama huku na huku akimtafuta, mpaka yule mama anajitokeza akitetemeka, anaanguka mbele yake, anamweleza ukweli wote.

Ukweli wote wa miaka 12, ndugu zangu. Hiyo si hadithi ya dakika moja. Alieleza kuhusu waganga, fedha, aibu, labda na wale waliomkimbia kwa sababu Sheria ilimhesabu najisi. Na Yesu amesimama barabarani anasikiliza, Yairo pembeni anakanyaga huku na huku. Alipomaliza, Yesu alimwita binti. Alikuja bila jina na bila watu, akaondoka akiwa binti wa mtu.

Niliposikia lile neno nilikumbuka swali la bibi. "Huyu watu wake ni wa wapi?" Yule dada wa saa nane usiku hakukosa jibu. Majibu yamejaa kwenye simu. Alikosa mtu wa kusimama na kumtafuta. Na mimi nilikuwa nimeweka mahali pa kusikiliza kitu kisichoweza kusikiliza, halafu nikaenda kulala nikidhani nimehudumia.

Wala si mimi wa kwanza. Mwaka 1966 mwalimu wa chuo cha MIT, Marekani, aitwaye Joseph Weizenbaum, alichapisha maelezo ya programu yake, ELIZA, mojawapo ya programu za kwanza kabisa za kuzungumza na watu. Ilikuwa rahisi sana. Ukiandika una huzuni, inageuza maneno yako na kukuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa chochote. Lakini katibu wake mwenyewe, aliyejua vizuri kwamba ni programu tu, alipoanza kuitumia alimwomba bosi wake atoke chumbani ili aongee nayo kwa faragha. Weizenbaum alishtuka. Huyu alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 familia ilikimbilia Marekani. Alikuwa ameona binadamu wakifanywa kama vitu. Mwaka 1976 aliandika kitabu kizima kueleza kwamba yapo mambo ambayo tusiyakabidhi kwa kompyuta hata kama inaweza kuyafanya. Fundi wa kazi hiihii ndiye aliyetuonya mapema, na mimi nilimsoma chuoni kwa ajili ya mtihani tu.

Tulifanya nini

Sikuifuta ile programu. Nilifikiria, lakini Baba Paroko alinizuia. Alisema mfereji ukibomoka hauzibi chemchemi, unaitisha msaragambo.

Basi tukaitisha. Sasa programu ikiona maneno ya mtu aliyekata tamaa, inaacha kuhubiri. Inamwambia kwa maneno machache kwamba inamtafutia mtu, inampa namba ya kupiga, na inaamsha simu ya mtu aliye zamu. Ndiyo, tuna zamu, kama za maji ya ndiva. Watu wazima kumi wa parokia, akiwemo yule sista, wanapokezana usiku. Si rahisi. Wawili wamejitoa, mmoja alilala asisikie simu. Lakini watu wanapigiwa.

Baadaye nikagundua kwamba wenzetu walishapita njia hii. Kenya kuna shirika la Jacaranda Health lenye huduma iitwayo PROMPTS, ambayo mama mjamzito anauliza maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2023 walitoa UlizaLlama, programu ya lugha inayojibu kwa Kiswahili, waliyoijenga juu ya Llama ya kampuni ya Meta. Nilichokipenda ni mpangilio. Mashine inasoma maswali mengi kwa haraka na kuyapanga, na mama akieleza dalili ya hatari, suala lake linapelekwa kwa mtu amfuatilie. Mashine inapunguza foleni ili binadamu amfikie yule anayemhitaji zaidi. Hapo naona kazi yangu ikiwa na heshima. Mashine ikimsaidia Yesu kupita katikati ya umati, sawa. Ikichukua nafasi yake ya kusimama, hapana.

Kwa unayetaka kazi hii

Wewe uliyeniuliza ufanyeje ufike huku, kwanza soma hisabati, acha kuikimbia. Jifunze kuandika programu, hata kama ni kwa kompyuta ya kuazima. Inawezekana. Hapa kwetu Dar es Salaam kampuni ya Neurotech ilijenga Sarufi, jukwaa la kutengenezea programu za mazungumzo zinazoelewa Kiswahili. Hawakusubiri mtu wa Ulaya aje. Lakini beba na mambo haya matatu.

La kwanza, kumbuka maji yametoka wapi. Nyuma ya mashine kuna watu, na wengine wanaumia. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu ya ukatili, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Soma Yakobo 5:4 kuhusu ujira uliozuiliwa unaopiga kelele. Papa Leo XIV aliwaeleza makardinali Mei 2025, siku mbili baada ya kuchaguliwa, kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII, aliyetetea wafanyakazi katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, na akaitaja akili mnemba kuwa changamoto ya wakati wetu kwa haki na kazi ya binadamu. Ukiwa bosi kesho, walipe watu.

La pili, usiifanye mashine ijifanye mtu. Usiipe jina la dada mrembo ili wapweke waiandikie usiku. Iseme wazi kwamba ni mashine. Shetani ni baba wa uongo, usimpe kazi ofisini kwako.

La tatu, weka mtu mwisho wa mfereji. Kila unachojenga, jiulize: mtu akilia humu saa nane usiku, nani ataamka? Kama jibu ni hakuna, kazi haijaisha.

Tunaye na mwombezi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta kama sisi. Alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Ukiifungua, hubaki kumtazama Carlo, unaelekezwa kanisani, aliko Yesu mwenyewe. Programu nzuri ndivyo inavyofanya.

Na wewe unayesoma usiku

Labda hutengenezi programu yoyote. Labda ndiyo kwanza umefunga mazungumzo na mashine, na umeiambia yale ambayo hujamwambia mtu yeyote. Sikulaumu. Naelewa, mashine haishangai, haisimulii jumuiya nzima, haichoki. Lakini dada yangu, kaka yangu, usiishie hapo. Amsha mtu. Amsha mama, mwenzako wa chumba, Baba Paroko, katekista, jirani. Kama unafikiria kujidhuru, nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, usisubiri kuche. Utasema unawasumbua. Yule mwanamke naye aliogopa kuwasumbua, ndiyo maana alipita kwa nyuma. Yesu hakumwacha aondoke kimyakimya.

Nasi tunaolala, tukubali kuamshwa.

Zoezi la wiki: Mtafute mtu mmoja ambaye umekuwa ukimjibu "poa" na "pole" kwenye simu. Nenda kwake. Weka simu mfukoni. Mwache aseme ukweli wote, hata kama una haraka kama Yairo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyesimama katikati ya umati kwa ajili ya mtu mmoja, tusamehe pale tulipotoa majibu na kuwanyima watu masikio yetu. Wabariki wote wanaobuni kwa akili na mikono yao, uwajaze Roho wako kama Bezaleli. Wakumbuke walio macho usiku huu kwa uchungu, uwapelekee mtu. Na kama mtu huyo ni mimi, niamshe. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.

Tuonane Misa ya Jumapili. Tumsifu Yesu Kristo!